Muulize Fundi: Kadi ya grafiki imegota, niiongezee volti?

Barua za toleo hili karibu zote zinaomba kitu kimoja: volti zaidi. Tumeanza na zile zinazotatuliwa kwa kipanya, tukamalizia na zinazohitaji pasi ya kulehemu. Atakayegusa bodi kwa solda ahesabu kwamba waranti imeishia hapo.

Kitelezi kimefika mwisho

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina GTX 1080. Nimefungua volti kwenye programu ya MSI Afterburner na kuvuta kitelezi hadi asilimia 100, lakini kasi ni ile ile, na mara nyingine inashuka. Nifanyeje ili ipate volti kweli kweli?

JIBU: Kitelezi hicho hakisukumi volti yoyote. Kinatoa ruhusa tu ya kupanda hadi ngazi ya mwisho iliyofungwa na NVIDIA, ambayo kwa kizazi cha Pascal ni volti 1.093. Bila kuguswa, kadi nyingi za kizazi hicho huishia karibu 1.062. Kwa hiyo ulichopata ni takribani milivolti 30, basi.

Kabla ya kutafuta zaidi, iulize kadi inazuiwa na nini. Fungua programu ya GPU-Z, nenda ukurasa wa Sensors, uangalie mstari wa PerfCap Reason huku gemu likiendelea. Ukiona Pwr, kadi imegonga kikomo cha wati. Thrm ni joto. VRel au VOp ndiyo volti yenyewe. Barua yako inasema kasi inashuka ukiongeza volti, na hiyo ni dalili ya Pwr mara tisa kati ya kumi.

Sababu iko kwenye hesabu. Nguvu inayoliwa na chipu hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volti. Chipu inayokula wati 200 kwa volti 1.00, ukiipandisha hadi 1.10 na kuiongezea kasi kwa asilimia 5, itakula 200 × 1.21 × 1.05, yaani wati 254. Hapo bado hujahesabu umeme unaovuja ndani ya transista, ambao huzidi kadiri joto linavyopanda. Unalipa asilimia 27 ya umeme kwa asilimia 5 ya kasi. Kama kikomo cha wati kiko pale pale, GPU Boost, mfumo wa kadi unaojipangia kasi, italazimika kuteremsha kasi ili hesabu itoshe.

Rudisha volti kwenye sifuri. Vuta Power Limit hadi mwisho, pandisha feni, kisha ongeza kasi kwa hatua za MHz 15 hadi 25. Kwa Pascal, kadi hujinyima ngazi za takribani MHz 13 kila joto linapopanda kiasi, kwa hiyo kuipoza kunakurudishia kasi bila kugusa volti hata kidogo.

Kupunguza ili kupata

SWALI: Nimesikia watu wanapunguza volti kwenye RTX 3080 na kadi inabaki na kasi ile ile. Naomba hatua kamili, maana nilipojaribu, Afterburner ilionyesha MHz 1,890 lakini fremu zilipungua.

JIBU: Ulinyanyua nukta moja peke yake, sivyo? Hilo ndilo kosa la kawaida. Ukishusha grafu yote ya volti na kasi kisha ukainua nukta ya milivolti 875 kama mnara, kadi hutangaza MHz 1,890 lakini kasi inayofanya kazi kweli iko chini. Fungua programu ya HWiNFO na ulinganishe GPU Clock na GPU Effective Clock wakati kadi ina mzigo. Tofauti ya MHz chache si kitu. Tofauti ya 40 au 50 ina maana grafu yako ina mwinuko mkali mno.

Fanya hivi. Endesha gemu dakika kumi ili kadi ipate joto lake la kawaida, kwa sababu grafu huteremka ngazi za MHz 15 kadiri chipu inavyopata moto; ukiipanga ikiwa baridi itakudanganya. Bonyeza Ctrl na F kufungua grafu. Tazama nukta ya milivolti 875 iko kwenye kasi gani, kisha tumia kitelezi cha Core Clock kuinua grafu nzima mpaka nukta hiyo ifike MHz 1,860. Usianze na 1,890. Shika Shift, buruta kipanya kwenye eneo lote lililo kulia kwa 875 ili nukta zote za huko zichaguliwe, zivute chini kabisa, kisha bonyeza Apply. Nukta za kulia zitajinyoosha na kuwa mstari bapa kwenye 1,860. Hifadhi kwenye nafasi mojawapo ya wasifu, ila usiweke ianze pamoja na Windows mpaka umeijaribu siku kadhaa.

Kutoka volti 1.05 hadi 0.875, sehemu ya nguvu inayotegemea volti inabaki asilimia 69 tu. Ndiyo maana kadi hii, ambayo kwa kawaida inagonga ukuta wa wati 320 na kuyumba juu na chini, hutulia ikikaa kwenye kasi moja. Chipu hazilingani: moja hubeba 1,905 kwa volti hiyo, nyingine hulia kwenye 1,830. Ikianguka, shusha kasi kwa MHz 15 au ongeza milivolti 12, kimoja kwa wakati.

Kwa maoni yetu, huu ndio urekebishaji bora kwa kadi yoyote ya kuanzia 2020. Wanaouona ni wa waoga hawajaangalia safu ya wati.

Memori inapanda, fremu zinashuka

SWALI: Memori ya GDDR6X nimeiongezea +1,200 bila doa hata moja kwenye skrini. Lakini alama za 3DMark, programu ya kupima kadi, ni ndogo kuliko za +800. Kadi imeharibika?

JIBU: Haijaharibika, inasahihisha. GDDR6X hukagua data inayopita kwenye njia yake, na ikikuta makosa hurudia kutuma. Picha inabaki safi, muda unapotea kwenye marudio. Kwa hiyo memori ya aina hii haipimwi kwa macho. Panda kwa hatua za +100, kila hatua endesha jaribio lile lile mara tatu, andika alama. Zitapanda, zitatulia, kisha zitaanza kuporomoka. Rudi +150 chini ya kilele. Angalia pia Memory Junction Temperature: kwenye RTX 3080 na 3090 kadi huanza kujibana ikifika nyuzi 110, na kabla ya hapo makosa yanakuwa yameshaongezeka.

Nitajuaje ni memori au ni kiini?

SWALI: Mashine inaganda, mara skrini nyeusi, mara inajizima kabisa. Naongeza vyote kwa pamoja. Nianzie wapi?

JIBU: Anza kwa kutoongeza vyote kwa pamoja. Kiini, yaani chipu yenyewe ya grafiki, kikizidiwa, mara nyingi picha huganda, skrini inakuwa nyeusi sekunde chache, kisha unarudi kwenye desktopu. Windows husubiri sekunde 2 kadi ijibu, isipojibu huianzisha upya draiva, na kwenye Event Viewer utakuta tukio namba 4101. Memori ikizidiwa, hasa GDDR5 na GDDR6 ya kawaida, utaona vitone vya rangi, miraba kama ubao wa drafti, au pembetatu zinazochomoza toka kwenye umbo la mhusika.

Mashine ikijizima kabisa kama imechomolewa ukutani, itazame pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine. Kadi kubwa huvuta mruko wa umeme wa kipindi kifupi sana, chini ya kupepesa jicho, unaozidi mbali wastani unaosomwa na programu. Kinga ya pawasaplai huona mruko huo na kukata. Kiwango cha ATX 3.0 cha 2022 kinadai pawasaplai ivumilie mruko wa asilimia 200 kwa mikrosekunde 100, na kilitungwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa kupima, tumia jaribio la 3DMark la mizunguko 20 na utake uthabiti wa asilimia 97 au zaidi, kisha magemu mawili tofauti, moja lenye miale ya mwanga (ray tracing). FurMark, programu ya kuibebesha kadi mzigo mzito, hatuipendekezi kwa kazi hii. Inavuta wati nyingi mno hadi kadi inashusha kasi na volti, kwa hiyo unapima nukta ya grafu ambayo gemu haitakaa ifike.

Rezista juu ya rezista

SWALI: Kadi yangu ya RTX 3080 ina plagi mbili za pini 8 na kikomo hakisogei. Nimeona picha za watu wanaolehemu rezista juu ya zile zilizoandikwa R005. Inafanyaje kazi, na je, naweza kutumia metali majimaji badala ya kulehemu?

JIBU: R005 ni rezista ya miliomu 5 iliyokaa kwenye njia ya volti 12. Kadi hupima volti ndogo inayodondoka juu yake: ampea 20 zikipita hutoa milivolti 100, na kutoka hapo inapiga hesabu ya wati. Ukiweka rezista nyingine sambamba nayo, ukinzani unapungua, volti inayodondoka inapungua, na kadi inaamini inatumia kidogo.

Wengi huweka miliomu 5 juu ya miliomu 5. Inabaki 2.5, kadi inasoma nusu, na kikomo cha wati 320 kinakuwa 640. Hiyo ni kupita kiasi kwa kipozeo cha hewa na kwa plagi mbili. Sisi tungeweka miliomu 15. Sambamba na 5 unapata 3.75, kadi inasoma robo tatu, na kikomo cha 320 kinakuwa hadi wati 427 halisi. Hapo ndipo ukae.

Sasa fuata mkondo hadi kwenye waya. Tuseme nafasi ya PCIe kwenye ubao mama inatoa wati 60. Zinabaki 367 kwa plagi mbili, karibu wati 183 kila moja. Hizo ni ampea 15.3, na kila plagi ina pini tatu za volti 12, kwa hiyo ampea 5.1 kwa pini. Ni juu ya wati 150 za kiwango lakini pini nzuri huzibeba. Ila ukitumia kebo moja yenye vichwa viwili, na upande wa pawasaplai una pini tatu za volti 12, pini zile zinabeba ampea 10.2 kila moja. Hapo plastiki huanza kubadilika rangi. Kebo mbili tofauti, si ombi.

Rezista inayosoma umeme wa nafasi ya PCIe usiiguse. Nafasi hiyo imepewa ampea 5.5 tu kwa volti 12, na ikiungua, inayoungua ni ubao mama. Ubaya wake ni kwamba kadi inaweza kugota kwa kikomo cha nafasi hiyo kabla ya kile cha plagi. Ukiona hivyo kwenye GPU-Z, kubali ulichopata.

Kazi yenyewe: tafuta rezista za ukubwa wa 2512, kosa lisilozidi asilimia 1, uwezo wa wati 1 au zaidi. Ile ya miliomu 15 itabeba robo ya mkondo tu, yaani ampea 5 kati ya 20, sawa na wati 0.375, kwa hiyo haitapata moto. Kwaruza ncha za rezista ya chini kama zina rangi ya kinga, paka flaksi, weka solda ncha zote mbili, ipashe bodi joto kwanza, kisha tumia ncha bapa ya pasi kwenye nyuzi 380 hadi 400. Bodi hizi zina tabaka nyingi za shaba zinazonyonya joto. Pasi ndogo itakupa solda iliyoganda juujuu tu, na kiungo cha namna hiyo ukinzani wake hubadilika kadi ikipata moto. Fanya rezista za plagi zote mbili kwa thamani moja. Ukibadilisha moja tu, kadi itaona mizani imepotoka na inaweza kujibana zaidi kuliko mwanzo.

Ukishamaliza, kila namba ya wati za plagi unayosoma kwenye programu izidishe kwa 1.33; ya nafasi ya PCIe, ambayo hukuigusa, ibaki ilivyo. Mita ya kubana yenye kipimo cha mkondo mnyoofu, ikibanwa kwenye nyaya za njano au nyeusi zenye volti 12, ndiyo itakayokuambia ukweli.

Metali majimaji hapana. Ndani yake kuna galiamu, nayo hupenya solda na kuilegeza hadi rezista inateleza mahali pake. Alumini ndiyo inaila kabisa. Tena huwezi kupanga ukinzani: leo robo tatu, wiki ijayo theluthi. Kadi za Pascal zikisoma kidogo mno hujifungia kwenye kasi ya chini kabisa, na utadhani umeua kadi.

Trima kwenye pini ya FB

SWALI: Nina kadi ya zamani ya majaribio, kiini chake kinafanya kazi kwa volti 1.10. Nataka 1.20. Nimepata karatasi ya data ya chipu inayodhibiti volti, ina pini ya FB na marejeo ya volti 0.6. Nipime nini, ninunue trima (rezista ya kuzungusha) ya thamani gani?

JIBU: Swali zuri, na una karatasi ya data, kitu ambacho wengi wanaruka.

Chipu ya kudhibiti haijui volti ya kiini. Inajua FB tu, pini inayoirudishia taarifa ya volti, na inafanya kila iwezalo FB ibaki 0.6. Rezista ya juu, R1, inatoka kwenye volti ya kiini kwenda FB. Rezista ya chini, R2, inatoka FB kwenda athi. Volti ya kiini ni 0.6 × (1 + R1/R2). Tuchukue R1 ni omu 1,000 na R2 ni omu 1,200: inatoka 1.10 sawasawa. Ukipunguza R2, volti inapanda. Ili upate 1.20, R2 inatakiwa iwe 1,000. Hutaing'oa, utaweka rezista sambamba nayo ya omu 6,000.

Hapa kuna mtego. Ukipima kwa multimita kati ya FB na athi, kadi ikiwa imezimwa, hutasoma 1,200. Utasoma karibu 545. Kiini chenyewe kina ukinzani mdogo sana kwenda athi, kwa hiyo R1 nayo inaonekana kana kwamba imeunganishwa athi, sambamba na R2. Ile kanuni ya mafundi ya kuchagua trima kwa kuzidisha kipimo hicho kwa 20 ndipo inapokosea: 545 mara 20 inakupa trima ya kilo-omu 10, na kadi itawaka ikiwa tayari kwenye volti 1.16 kabla hujazungusha chochote. Soma thamani za R1 na R2 kwenye rezista zenyewe kama zimeandikwa, au zikokotoe.

Kwa namba zako, chukua trima ya kilo-omu 20 ya mizunguko 25, na rezista ya kudumu ya kilo-omu 4.7 mfululizo nayo. Ikiwa mwisho wa juu, jumla ni 24.7 na kadi itawaka karibu na 1.12. Ikiwa sifuri, 4.7 peke yake inakufikisha 1.23 na haivuki hapo. Bila rezista hiyo, trima kwenye sifuri inaunganisha FB na athi. Chipu inadhani volti imetoweka, inafungua mosfeti zote (swichi zinazopitisha umeme) hadi mwisho, na kiini kinapokea volti ambazo hakitasimulia.

Volti haitapanda kwa usawa unapozungusha. Jumla ya kilo-omu 24 inatoa 1.125, ya 12 inatoa 1.15, ya 6 inatoa 1.20. Mizunguko ya mwanzo ni kama haifanyi kitu, ya mwisho inaruka milivolti 10 hadi 19 kila mmoja. Wengi huchoka kuzungusha mwanzoni, wanaongeza mwendo, na wanavuka.

Kulehemu. Usiguse pini ya chipu yenyewe. Tafuta rezista au kapasita iliyo kwenye njia ile ile ya FB. Sehemu hizi huwa za ukubwa wa 0402, milimita 1 kwa nusu, kwa hiyo unahitaji kikuza, flaksi, na waya mwembamba wa geji 30. Rezista ya 4.7 iweke upande wa FB, karibu kabisa na bodi, kisha ndipo waya uende kwenye trima. Kuna sababu mbili. Waya ukichubuka ukagusa athi, bado 4.7 iko kati na kadi inasalimika. Pia FB husikia kelele zote za koili zilizo jirani, na waya mrefu uliofungwa moja kwa moja juu yake utaiingizia mawimbi kwenye volti ya kiini. Waya usizidi sentimita tatu au nne. Mguu wa tatu wa trima usiotumika uunganishe na ule wa katikati, ili mguso wa ndani ukipotea ubaki na kilo-omu 20 badala ya njia kukatika. Bandika waya na trima kwa gundi ya moto. Mvuto mdogo tu unang'oa kipande cha shaba kwenye bodi, na kukirudisha ni kazi ya mtu mwingine kabisa.

Washa. Multimita iwe kwenye kapasita zilizo nyuma ya kiini, si kwenye koili, kwa sababu kuna volti zinazopotea njiani. Pima kadi ikiwa haina mzigo, kisha ikiwa na mzigo: kama bila mzigo ni 1.20 na kwenye mzigo ni 1.15, kiini kinafanya kazi kwa 1.15 na hiyo ndiyo unayopaswa kuandika. Panda milivolti 15, endesha jaribio dakika kumi, pima joto la mosfeti kwa kipima joto, endelea. Nguvu itakuwa imeongezeka kwa asilimia 19 ukifika 1.20 hata kabla hujaongeza kasi, na mosfeti za kadi za zamani mara nyingi hazina hata hitisinki. Zibandikie. Kadi ikizima papo hapo ukivuka volti fulani huku kiini kikiwa baridi, umegusa kinga ya volti ya chipu. Karatasi yako ya data inasema iko asilimia ngapi.

Penseli je?

SWALI: Trima sina. Penseli ya 6B inatosha kupaka juu ya R2?

JIBU: Itapandisha volti, ndiyo, maana grafiti ni ukinzani uliowekwa sambamba. Lakini hubadilika na joto, unyevu na vumbi, na mpako mzito kidogo unakupeleka mbali. Tumia kwa jaribio la saa moja, pima ukinzani baada ya kila mpako, kisha futa kwa alkoholi.

Multimita inapiga kelele

SWALI: Nimeweka multimita kwenye hali ya kutoa mlio, nikagusa koili ya kiini na athi, ikalia. Kadi ina shoti?

JIBU: Huenda haina. Kiini cha kadi kubwa ukinzani wake ni chini ya omu 1, na multimita nyingi hulia kwa chochote chini ya omu 30 hivi. Tumia hali ya omu, gusanisha ncha mbili kwanza na utoe namba unayoipata. Memori husoma juu zaidi ya kiini, na njia ya volti 12 inapaswa kusoma mamia ya omu au zaidi. Hiyo ya 12 ikilia ndipo una mosfeti iliyopasuka. Wanaotaka kulehemu wapime njia zote kabla ya kuanza na waandike, ili baada ya kazi wawe na cha kulinganisha.

Kadi mpya haina R1 wala R2

SWALI: Kwenye bodi yangu ya kisasa sioni mgawanyo wa rezista. Trima naifunga wapi?

JIBU: Usifunge. Volti hapo hupangwa kwa dijiti: kiini kinaitangazia chipu ya kudhibiti kinataka kiasi gani, na chipu inatii. Nyingi ya chipu hizo husikiliza pia njia ya I2C, yenye nyaya tatu za SDA, SCL na athi. Kifaa kama EVC2 cha ElmorLabs kinalehemewa hapo, na kupitia USB unaweza kuongeza milivolti juu ya zile kiini kilizoomba, au kubadilisha jinsi volti inavyoshuka kwenye mzigo. Angalia kwanza kama chipu yako iko kwenye orodha inayofahamika na kifaa, maana rejista (nafasi za ndani ya chipu zinazoandikwa namba) hutofautiana na kuandika namba kwenye rejista isiyo sahihi ni kubahatisha. Mwenye Radeon RX 6000 aanze na MorePowerTool, inayobadilisha jedwali la nguvu ndani ya Windows bila solda. Kwa RX 7000 mlango huo ulifungwa.

BIOS ya jirani

SWALI: Nilipakia BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya kadi) ya kadi yenye plagi tatu kwenye yangu yenye plagi mbili, chipu ni ile ile. Kikomo kinasema wati 450 lakini kadi inaenda polepole kuliko awali.

JIBU: BIOS hiyo inagawa wati kwa plagi tatu, na ya tatu kwako haipo. Sehemu yake ya nguvu inabaki kwenye karatasi, huku plagi zako mbili zikibanwa kwenye mafungu yao. Rudisha ya kwako. Zima kadi kwenye Device Manager, kisha kwa programu ya nvflash andika `--protectoff` na baada yake `-6` pamoja na jina la faili ulilohifadhi kwa `--save`. Kama hukuhifadhi, TechPowerUp wana hifadhi kubwa ya BIOS; linganisha hadi aina ya memori. Usitafute BIOS iliyohaririwa kwa mkono: tangu Pascal kadi hukagua sahihi na kwa kawaida huikataa.

Skrini ikibaki nyeusi, na kadi haina swichi ya BIOS ya pili, washa kwa grafiki ya ndani ya prosesa kisha upakie tena. Hilo likishindikana, kilichobaki ni programa (kifaa cha kuandikia chipu) ya CH341A na kishikio cha pini 8. Soma namba ya chipu ya BIOS kwanza. Nyingi za kadi mpya ni za volti 1.8, na programa hiyo bila adapta itaipa 3.3.

Pedi mpya, joto jipya

SWALI: Nimebadilisha pedi zote za kupitishia joto la memori. Memori imeshuka toka 104 hadi 84, lakini sehemu ya moto zaidi ya kiini, ile ya Hot Spot, imepanda toka 86 hadi 103.

JIBU: Pedi ni nene au ngumu mno, zimeinua kipozeo na kiini hakigusani vizuri na shaba. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 15 kati ya joto la kawaida la kiini na Hot Spot ni salama. Ikivuka 25, mkao una kasoro. Fungua utazame alama ya pesti: kama ni nzito upande mmoja na nyembamba upande mwingine, hapo ndipo pedi zinaposukuma. Nusu milimita inatosha kuleta balaa hilo, kwa hiyo pima pedi za zamani mahali ambapo hazikubanwa, siyo katikati. Ukikosa unene kamili, pesti ya kujaza mapengo, inayokaa kama ugoro mzito uliolowa, hujipanga yenyewe. Kaza skurubu nne za kiini kwa kupishana, nusu mzunguko kila moja.

Kama tofauti ilikuwa nzuri siku ya kwanza na imekua baada ya miezi, si pedi. Ni pesti inayosukumwa nje kila kiini kinapopanuka na kusinyaa. PTM7950 ya Honeywell, utando unaotumika badala ya pesti, hulainika karibu na nyuzi 45 na haikimbii kwa urahisi. Ikate ikae juu ya kiini chote, iweke kwenye friji dakika chache kabla ya kubandua plastiki, na baada ya kufunga endesha mzigo mara kadhaa kabla hujaandika namba zozote.